Lugha Gani Husemwa Nyumbani?



Ndugu wasomaji, kila ufikapo mwezi wa Agosti bahasha za skuli huanza kuingia majumbani mwetu. Huwa nene, zimejaa karatasi za kila namna: ratiba ya basi, orodha ya chanjo, namba za simu za dharura na kalenda ya mwaka. Wengi wetu huichomoa kalenda tukaibandika jikoni, tukatia saini kila palipochorwa mstari, kisha tukamkabidhi mtoto airudishe bahasha bila ya sisi kujua tumesaini nini. Tunaomba safari hii mtusikilize kidogo kabla ya kuishika kalamu. Sisi bahasha hiyo tuliisoma kwa makini, tukaijaza kwa Kiingereza safi, na bado tukamdhulumu mtoto wetu wenyewe.

Sisi tuandikao haya ni mwalimu mstaafu. Tulizaliwa Unguja, tukaingia darasa la kwanza miaka michache baada ya tarehe 23 Septemba 1964, siku ilipotangazwa elimu bila malipo Zanzibar. Baba yetu alikuwa mchukuzi bandarini, na lau si tangazo lile tungalikuwa wachukuzi pia. Tulifika hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa gharama ya umma, kisha tukafundisha Kiingereza katika sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo hatuwezi kujitetea kuwa hatukuelewa mambo ya skuli. Tuliyaelewa vizuri mno, na huko ndiko kulikotuponza.

Mwaka 2022 binti yetu alituita Minnesota, sisi na bibi yake mtoto, tumsaidie kumlea mwanawe aliyekuwa amebaki nasi Unguja. Binti hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Hurudi alfajiri, husali, akalala. Mjukuu wetu alikuwa na umri wa miaka 8. Kule nyumbani alikuwa amesoma miaka miwili katika skuli ya binafsi ifundishayo kwa Kiingereza, na tulikuwa tukijigamba kwa wageni kwamba mtoto huyu "Kiingereza anacho". Ilipokuja bahasha ya Agosti, binti alituwekea juu ya meza akasema, "Baba, wewe ndiye mwalimu. Jaza."

Katika bahasha ile mlikuwa na fomu mbili tunazotaka kuzizungumzia leo.

Ya kwanza ilikuwa fupi, ukurasa mmoja. Iliuliza mambo manne: lugha aliyojifunza mtoto kwanza, lugha anayoisema, lugha anayoielewa, na lugha anayokutana nayo kila mara. Kwa kila swali palikuwa na visanduku vitatu: lugha nyingine isiyo Kiingereza; Kiingereza pamoja na lugha nyingine; Kiingereza peke yake. Tuliitazama fomu ile tukakumbuka maneno ya watu msikitini: kwamba ukiandika lugha yako, mtoto hutengwa, hupelekwa darasa la wasiojua, akabaki huko akipaka picha rangi hadi anaota ndevu. Tukasema, la hasha, si mjukuu wa mwalimu wa Kiingereza. Tukatia alama ya Kiingereza peke yake, mara nne, kwa mwandiko wetu mzuri.

Ya pili ilihusu kipato cha nyumba: ni watu wangapi, wanapata kiasi gani. Ilikuwa ni ya kuomba chakula cha skuli bure au kwa bei nafuu. Bibi yake aliitazama akasema afadhali tuijaze, mshahara wa binti ni mmoja na sisi tumekuja mikono mitupu. Tukamjibu kuwa hatukuvuka bahari kuja kuombaomba. Fomu ile hatukuijaza. Tuliikunja tukaiweka ndani ya droo, nayo ikakaa humo mwaka mzima.

Na kwa kuwa tulitaka mambo yaende sawasawa, tulipitisha amri ya tatu isiyokuwa katika fomu yoyote. Tulimwambia mtoto kwamba kuanzia siku ile ndani ya nyumba tutasema Kiingereza, ili ulimi wake uzoee. Bibi yake hakijui Kiingereza. Ikawa mtoto akikaa na bibi yake wanatazamana.

Miezi ikapita. Taarifa za skuli zilikuja zikimsifu: mtoto mtulivu, mwenye adabu, hasumbui. Tulifurahi. Mwalimu wa miaka 30 na zaidi alifurahi kuambiwa kwamba mtoto wake hasemi! Ilhali kule Unguja tuliwaona watoto wa namna hiyo kila mwaka. Mtoto aliyekuwa hodari katika skuli ya msingi, wa kwanza kunyoosha mkono, akiingia sekondari masomo yakageuka kuwa kwa lugha ya kigeni, hukaa nyuma akanyamaza. Tulikuwa tukiwaambia walimu wenzetu: msiseme huyu ni mjinga, amekosa maneno tu. Tuliyasema haya kuhusu watoto wa watu. Kwa wetu hatukuyaona.

Chakula nacho kilikuwa na kisa chake. Bibi yake alimfungia chapati na maharage kila asubuhi, na mara nyingi zilirudi kama zilivyokwenda. Tulidhani hana hamu kwa sababu ya baridi.

Mwezi wa Februari 2023 tuliitwa skuli, binti na sisi. Mezani walikaa watu watano, kila mmoja na jalada lake. Walisema kwa upole kwamba mtoto yuko nyuma sana katika kusoma, hafuati maelekezo, hajibu anapoulizwa, na kwamba wanaomba idhini yetu ya maandishi wampime, kwani huenda ana ulemavu wa kujifunza unaohitaji elimu maalumu. Mkalimani hakuwapo. Angekuwapo kwa nini, nasi tulikwisha kuandika kuwa nyumbani kwetu ni Kiingereza peke yake? Binti yetu, aliyekuwa hajalala tangu jana, aliishika kalamu akatutazama. Tuliona katika jalada lililo wazi mbele yetu ile karatasi ya Agosti yenye alama zetu nne. Tukasema tunaomba siku mbili za kufikiri.

Tulipokuwa tukivaa makoti mlangoni, alitufuata mama mmoja mwenye aproni, Mkongo, msaidizi wa jikoni pale skuli. Akatuamkia, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Baba, ule mutoto anajua kusema. Anasema sana! Ni Kingereza tu iko inamusumbua." Akatueleza kwamba alimwona kila siku hapangi foleni, anakaa na mfuko wake bila ya kuufungua, kwa kuwa watoto wengine walikuwa wakiuliza nini kile. Siku moja akamwuliza kwa Kiswahili ana nini, na mtoto akazungumza mpaka kengele ikalia. Alimsimulia habari za Forodhani, za paka wetu, na za bibi yake asiyezungumza naye tena.

Usiku ule tulimwuliza mjukuu wetu kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita, kwa nini hakutuambia kwamba hafahamu darasani. Akatujibu, "Babu, ulisema tusiseme Kiswahili. Na kwa Kiingereza sijui kusema kuwa sijui."

Wasomaji wetu, hatuna la kuongeza juu ya maneno hayo.

Asubuhi tulikwenda peke yetu ofisini tukasema kwamba fomu ile tuliijaza vibaya. Tulitaraji kulaumiwa. Karani alitupa fomu nyingine, akatuambia kuwa hutokea. Tukaandika ukweli: alijifunza Kiswahili kwanza, anasema Kiswahili, na kadhalika. Baada ya hapo mtoto alipewa mtihani wa Kiingereza wa kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika, akaonekana anastahili kufundishwa kama mwanafunzi anayejifunza lugha. Kile kipimo cha ulemavu kiliwekwa kando hadi aonekane baada ya kufunzwa, na hadi leo hakijahitajiwa. Tuelewane hapa: elimu maalumu si aibu. Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani inamhakikishia mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa bila ya malipo, na mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo asiionee haya haki hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu ikiwa sababu kubwa ni kutojua Kiingereza vyema. Skuli ingeyajuaje hayo, nasi tulikuwa tumeificha sababu yenyewe?

Baada ya aibu hiyo tulifanya lile ambalo tungalilifanya mwanzo: tulikwenda maktaba ya mtaani tukaisoma sheria. Tunawapa kwa muhtasari tuliyoyapata.

Msingi wake ni wa zamani. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi na wa asili ya mtu katika kazi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, na skuli za umma zimo. Kule San Francisco palikuwa na watoto wa Kichina takriban 1,800 waliokuwa wakikaa darasani bila ya kufahamu lugha na bila ya msaada wowote. Wazee wao walishitaki. Tarehe 21 Januari 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote kwa pamoja, kwamba kumpa mtoto dawati lile lile, kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa ikiwa hafahamu kinachosemwa. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likatunga sheria inayozilazimisha skuli kuchukua hatua za kuondoa kizuizi cha lugha. Basi tusidhani kwamba masomo ya lugha ni hisani ya mwalimu mkuu, maana yana sheria zaidi ya miaka 50.

Juu ya msingi huo kila jimbo limejenga lake. Hapa Minnesota sheria ya jimbo inamweleza mwanafunzi anayejifunza Kiingereza kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba lugha yake ya mwanzo, au ya nyumbani kwao, si Kiingereza. La pili ni kwamba imethibitika kwa mtihani kuwa Kiingereza chake hakijamtosha kufuata masomo. Zingatieni hilo la pili. Kuandika "Kiswahili" katika fomu hakumwingizi mtoto katika darasa lolote. Kunamfungulia mlango wa kupimwa tu. Akifaulu, ataendelea na wenzake na hakuna aliyemgusa. Asipofaulu, atasaidiwa. Tuliyoyaogopa sisi hayakuwamo katika sheria.

Tena akishaingizwa katika mafunzo hayo, wilaya inalazimika kumwandikia mzazi katika muda wa siku 10, kwa Kiingereza na kwa lugha ya mzazi, kumweleza mafunzo ni ya aina gani. Barua hiyo humwarifu kwamba ana haki ya kulitembelea darasa, haki ya kukaa na walimu akaelezwa, na haki ya kumtoa mtoto wake akiona hayamfai. Mzazi akimtoa, mtihani wa lugha wa kila mwaka mtoto ataendelea kuufanya. Sisi tulilitembelea darasa. Hatukukuta picha za kupaka rangi. Tulikuta watoto saba na mwalimu wao wakisoma habari za mito na mmomonyoko wa ardhi, somo lile lile la darasa lao kubwa, ila kwa maneno yaliyofunguliwa moja moja.

Mwaka 2014 jimbo hili lilipiga hatua nyingine. Baraza lake la kutunga sheria lilipitisha mageuzi ya kuwataka walimu wa masomo yote, si wa lugha tu, waandaliwe kuwafundisha watoto wa aina hii, na likaitambua lugha ya nyumbani kuwa ni mali ya mwanafunzi. Likaanzisha mihuri ya lugha mbili na ya lugha nyingi kwa wahitimu wa sekondari. California ndiyo iliyotangulia kwa muhuri wa namna hiyo mwaka 2011. Kijana anayethibitisha kwa mtihani unaokubaliwa kwamba anasoma, anaandika na anazungumza Kiingereza na lugha nyingine kwa kiwango kilichowekwa hupewa muhuri huo, na vyuo vya umma vya mfumo wa jimbo vikamhesabia kuwa ni sehemu ya masomo ya chuo. Tafakarini jambo hilo. Lugha tuliyoificha katika fomu ndiyo ambayo jimbo liko tayari kuihesabia chuoni. Kijana aliyekatazwa Kiswahili jikoni akiwa na miaka 8 atakitoa wapi mtihanini akiwa na miaka 17? Wenye vijana sekondari wawaulize washauri wa skuli mapema kuhusu mtihani wa Kiswahili, wasingoje mwaka wa mwisho.

Sasa turejee kwenye ile fomu ya pili iliyolala ndani ya droo.

Chakula cha mchana cha skuli kina sheria ya taifa tangu mwaka 1946. Kwa miaka mingi watoto waligawika mafungu matatu: wanaokula bure, wanaolipa kidogo na wanaolipa kamili, kwa kipimo cha kipato cha nyumba. Ilipokuja korona mwaka 2020, serikali kuu iliruhusu watoto wote wale bure. Ruhusa hiyo ilikwisha Juni 2022, na sisi tuliwasili Agosti ya mwaka huo huo, mafungu matatu yaliporejea. Ndiyo maana mjukuu wetu aliikuta foleni yenye hesabu za watu.

California na Maine zilikataa kurudi nyuma, zikaendelea kuwalisha wote kwa sheria zao kuanzia mwaka wa masomo wa 2022. Colorado iliamua kwa kura za wananchi Novemba 2022. Hapa kwetu, tarehe 17 Machi 2023, Gavana Tim Walz alitia saini sheria ya jimbo ya kumpa kila mwanafunzi wa skuli zinazoshiriki kifungua kinywa kimoja na chakula cha mchana kimoja kila siku ya masomo, bila ya kuuliza baba yake anapata nini. Alisaini ndani ya skuli moja ya msingi mjini Minneapolis, na ile picha ya watoto waliomkumbatia ilienea nchi nzima. Sheria ilianza kutumika mwaka wa masomo wa 2023.

Septemba ile mjukuu wetu alipanga foleni. Alirudi akatusimulia kwamba trei ni moja kwa wote, na kwamba hakuna ajuaye nani maskini na nani tajiri. Tulikumbuka mwaka 1964 na baba yetu mchukuzi. Palipo na haki kwa wote, anayepokea haoni haya, wala hana kiburi cha kuikataa. Mwaka uliotangulia haya ilikuwa yetu, na njaa ikawa yake.

Sheria, hata hivyo, haikuleta machinjo yetu. Imeleta chakula; halali na haramu imetuachia wenyewe. Sisi tuliomba orodha ya chakula ya mwezi, tukamfundisha mtoto kutambua jina la nguruwe kwa sura zake zote, na tukamwambia achukue matunda, mboga, maziwa, jibini na maharage, nyama aiache. Wazazi kadhaa wa Kisomali na sisi tumeandika barua kwa wilaya kuomba nyama halali. Majibu bado tunayasubiri, lakini barua imefika. Fahamuni pia kwamba mlo wa pili kwa siku moja hulipiwa.

Tuna neno kwa wanaosema kwamba maadamu chakula ni bure, fomu ya kipato haina kazi tena. Si kweli. Kiangazi cha mwaka 2024 palianzishwa msaada wa chakula cha likizo, dola 120 kwa kila mtoto wa nyumba yenye kipato kidogo. Wengi waliupata bila ya kuomba kwa kuwa walikwisha kuorodheshwa katika misaada mingine. Wengine waliupata kwa sababu walikuwa wameijaza fomu ile ya skuli. Binti yetu alikuwa katika hao wa pili, kwani safari hii bibi mwenye nyumba aliishika fomu mwenyewe akatuwekea mbele pamoja na kalamu. Skuli nazo hutumia hesabu za watoto wa aina hii katika kugawana baadhi ya fedha za msaada. Anayeificha hali yake anawapunguzia na wenzake.

Wapo wanaoogopa fomu kwa sababu nyingine, nasi hatuwalaumu. Wanahofu karatasi za uhamiaji. Wajue kwamba mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya Texas iliyowanyima elimu ya umma watoto wasio na kibali, na tangu hapo skuli ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hiyo. Fomu ya chakula haiulizi hali ya uhamiaji ya mtoto. Hatusemi kwamba hakuna wanaotaka kuyabadilisha haya. Mwaka 2025 katika baraza la Tennessee uliletwa mswada wa kuipinga hukumu hiyo, lakini haukufikia kuwa sheria mwaka huo. Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, na kuifuta amri ya mwaka 2000 iliyohusu kuwahudumia wasiokijua Kiingereza vyema. Watu wengi walitupigia simu wakiuliza kama madarasa ya lugha yamefungwa. Tuliwajibu kwamba amri ya rais haifuti sheria iliyotungwa na Bunge. Za mwaka 1964 na 1974 zilibaki pale pale, na za jimbo letu vilevile. Lakini lililotungwa linaweza kutunguliwa, na mwenye haki asiyeitumia huwa wa mwisho kujua imeondoka.

Sheria za majimbo hazifanani. Aliye Ohio, Texas au Washington asichukue maneno yetu ya Minnesota akayapeleka kwa mwalimu wake kama yalivyo. Aulize mambo haya: Mtoto wangu anapimwaje lugha? Barua yangu itakuja kwa lugha gani? Chakula kina utaratibu gani? Na siku ya Idi atahesabiwaje? Hapa kwetu sheria inazitaka skuli zijitahidi kumkubalia mwanafunzi anayeomba kuondoka katika masomo kwa ajili ya ibada, na kuwaarifu wazazi kuhusu hilo kila mwaka. Andikeni barua kabla ya Idi, sio baada yake.

Kwa waliotwambia tufupishe: fomu isomwe na mtu mzima, isijazwe na mtoto mwenyewe. Iandikwe kweli. Ipigwe kopi, kopi ikae nyumbani. Ukiitwa mkutanoni ombeni mkalimani hata kama Kiingereza mnakijua, kwani Kiingereza cha mezani na walimu watano si kile cha dukani. Na ukishakosea, rudi ukaseme umekosea. Hilo ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa aliyewahi kushika chaki.

Mjukuu wetu sasa yuko darasa la 6. Katika kusema na kusikiliza amewafikia wenzake, kusoma anakaribia, kuandika bado kunamchelewesha. Mwaka mmoja ulipotea, na hatuwezi kumrudishia. Nyumbani amri yetu imefutwa. Jioni hukaa jikoni na bibi yake wakicheka kwa sauti mpaka binti yetu, anayelala mchana, huamka akiuliza kuna nini. Agosti iliyopita tulipoifungua bahasha tulimwita mjukuu wetu akae karibu. Tulipofika kwenye visanduku vile vinne tulimpa kalamu atuonyeshe. Akaweka alama, akatutazama usoni kuona kama tumekasirika, kisha akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: KISWAHILI.

Tukatia saini chini yake.